Kuendesha Tovuti Kutoka Nyumbani Kisumu: Ulipie Nini Kwanza?

Kabla hujamlipa mtu yeyote, fungua ukurasa wa mipangilio ya ruta yako na usome anwani ya WAN, yaani ile ambayo ruta hupewa na mtoa huduma wa intaneti. Ikianza na 100, na namba inayofuata ikiwa kati ya 64 na 127, basi mtoa huduma amekuweka pamoja na wateja wengine nyuma ya anwani moja ya hadharani, na mgeni wa nje hana njia ya kukufikia moja kwa moja. Mimi sikuangalia. Nililipia jina la DNS badilifu, yaani jina linalofuata anwani ya nyumbani kila inapobadilika, kwa mwaka mzima, nikakesha nikifungua poti 80 na 443, milango ambayo wageni wa tovuti hupitia, kumbe ruta ilionyesha 100.72 tangu mwanzo.

Kwa sababu hiyo, ninaloliweka la kwanza ni handaki la Cloudflare, kampuni inayowapitisha wageni wa tovuti kwenye seva zake kabla hawajafika kwako. Programu yake, cloudflared, hukaa kwenye kompyuta yako na kufungua muunganisho kutoka ndani kwenda nje, kwa hiyo anwani ibadilike mara ngapi, tovuti haijali. Huduma yenyewe ni ya bure. Unachonunua ni jina la kikoa, liwe la .co.ke au jingine, na DNS yake uihamishie Cloudflare. Ila ujue kwamba usimbaji wa https hufunguliwa kwao, hivyo wanaweza kuona kinachopita. Kwa duka la vitenge la soko la Kibuye sioni tatizo. Kwa rekodi za wagonjwa wa zahanati, nisingethubutu.

Anayejali hilo achukue la pili: seva ndogo ya kukodi yenye anwani isiyobadilika, iliyounganishwa na nyumbani kwa WireGuard, programu inayounganisha kompyuta mbili kwa njia iliyosimbwa. Seva hiyo huwapitisha wageni tu, huku faili na cheti cha https vikibaki kwako. Kwenye mipangilio ya WireGuard ya upande wa nyumbani usisahau mstari wa PersistentKeepalive = 25, kwani bila huo njia hufungika ukikaa kimya. Utalipa kila mwezi, na ikiwa tovuti yako ni kurasa tano tu, heri uiweke yote huko huko.

DNS badilifu ni ya tatu, na inamfaa tu yule ambaye anwani ya ruta yake ndiyo inayoonekana nje. Hata hapo usilipe: DuckDNS ni ya bure, na No-IP pia, mradi uthibitishe jina kila baada ya siku 30.

Anwani isiyobadilika ya mtoa huduma naiweka mwisho. Ni gharama ya kila mwezi ambayo naona maana yake hasa kwa anayetaka kuendesha seva ya baruapepe.

Pesa inayobaki nunulia UPS ndogo, yaani betri ya akiba, maana mvua ya jioni ikipiga kutoka ziwani, umeme hukatika hata handaki likiwa zima. Soma kwanza volti na ampea zilizoandikwa chini ya ruta na kisanduku cha faiba: tundu la UPS la volti 12 litaiunguza Raspberry Pi, kompyuta ndogo ambayo hutumia volti 5.