Kununua Nyumba Mombasa kwa Wakala wa Mtandaoni: Uzoefu Wangu

Nyumba tunayoishi sasa huko Bamburi, yenye chini na juu na vyumba vitatu vya kulala, tuliiona kwa mara ya kwanza kwenye kioo cha simu tukiwa Nairobi, usiku mmoja wa Aprili 2022. Tuliinunua kupitia kampuni ya uwakala isiyokuwa na afisi ya kuingilia mtu. Ina tovuti, programu ya simu na vijana kadhaa wanaojibu kwa WhatsApp. Kampuni hiyo sitaitaja, kwa kuwa katika haya nitakayoyaeleza yamo malalamiko na zimo sifa, na sidhani kwamba ni yake peke yake. Bei tuliyolipa ni shilingi milioni 7.6, na tangu siku ya kuona picha hadi kukabidhiwa ufunguo ilipita miezi minane.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa niliyefundisha Nairobi kwa zaidi ya miaka ishirini, na njia ya zamani ya kutafuta nyumba naijua vizuri. Unampata dalali mmoja, naye anampigia dalali mwenziwe wa Kisauni, huyo naye ana mwenzake anayemjua msimamizi wa nyumba, na mnapofika mlangoni mko watu watano, wanne kati yao wakingoja chochote kutoka mfukoni mwako. Kwa hiyo nikiri mapema kwamba huduma ya mtandaoni ilituondolea adha kubwa. Kwa majuma mawili mimi na mke wangu tulipitia nyumba zaidi ya sitini tukiwa tumeketi sebuleni, tukajifunza bei za Nyali zinavyopishana na za Bamburi, na za Mikindani zinavyopishana na zote mbili, na tukaziacha nyingi ambazo zamani tungezifunga safari kwenda kuzitazama. Nauli ya reli mpya kwa daraja la kawaida ilikuwa shilingi 1,000 wakati huo, ambazo kwa watu wawili kwenda na kurudi ni 4,000, bado teksi ya kututoa kituo cha Miritini. Badala ya safari kumi tulifunga mbili tu.

Kuhusu picha sitasema mengi, kwa sababu kila mtu anajua hadithi ya lenzi pana: sebule iliyoonekana kama ukumbi wa harusi ilitosha makochi mawili na meza. Lililonikera zaidi ni maji. Tangazo lilisema kwamba nyumba ina maji saa 24, na mtu wa Mombasa akisikia hivyo huuliza ni maji yapi. Maji ya Mzima, yanayokuja kwa bomba kutoka chemchemi za Tsavo, hayafiki kila mtaa wala hayafiki kila siku. Maji yasiyokatika kwa kawaida ni ya kisima, na visima vingi vya mwambao huu vina chumvi. Kijana aliyetupokea alikuwa na adabu na alijua ukubwa wa kila chumba kwa mita, ila hilo hakuwahi kuulizwa. Nilifungua bomba la jikoni nikaonja, nikajaribu sabuni ikakataa kutoa povu, na jambo hilo peke yake lilitusaidia baadaye katika kupatana bei, kwa sababu tulilazimika kuweka tangi la pili la maji ya kununua.

Sasa nije kwenye jambo lililotaka kutugharimu. Kabla ya nyumba hii tulipenda nyingine, ya Kisauni, ya vyumba sita, iliyotangazwa kwa shilingi milioni 2.8. Tulishangaa kwa urahisi wake, lakini maelezo yalikuwa mazuri, picha zilikuwa safi, na chini yake palikuwa na alama ya kijani iliyoandikwa kwamba nyumba imethibitishwa. Tulikwisha kuanza kuhesabu fedha. Shangazi yangu anayeishi Majengo, ambaye simu yake ni ya vitufe, nilimpigia kumpa habari njema, naye akaniacha nimalize ndipo akauliza, "Na ardhi, baba, ya nani?"

Asiyekulia pwani huenda asilione swali hilo lilivyo zito. Mombasa ina desturi ya tangu zamani ya nyumba bila ardhi: mtu hujenga au hununua nyumba, yaani kuta na paa, ilhali kiwanja kilichoibeba ni mali ya mtu mwingine anayelipwa kodi ya ardhi kila mwezi. Mitaa ya Majengo na Kisauni ina nyumba nyingi za namna hii, na wamo waliozaliwa na kuzeeka ndani yake bila kusumbuliwa. Matata huja pale mwenye ardhi anapofariki na warithi wakagawana, au wanapouza, na mwenye kiwanja mpya hana haja na kodi ya mia chache bali ana haja na kiwanja chake. Hakuna ubaya wa mtu kununua nyumba kama hiyo akijua anachokinunua na akilipa bei inayolingana nacho. Ubaya ni kuinunua ukidhani umepata na udongo. Niliwaandikia wakala nikawauliza waziwazi, na jibu lilikuja baada ya siku mbili: ardhi ina mwenyewe, lakini kodi yake ni ndogo. Hilo halikuwa limeandikwa popote katika tangazo.

Nilirudi kwenye programu nikaangalia vichujio. Mtu anaweza kuchagua idadi ya vyumba, vyoo, bwawa la kuogelea, jenereta, hata kama mbwa wanaruhusiwa, lakini hakuna mahali pa kuchagua nyumba na ardhi au nyumba bila ardhi. Nafikiri aliyeibuni alikuwa akiwaza mitaa mipya ya Nairobi, ambako swali hilo halizuki. Niliwapelekea pendekezo waongeze kichujio hicho, wakanishukuru kwa ujumbe uliotumwa na mashine.

Na ile alama ya kijani? Nilipouliza maana yake nilielezwa kwamba mfanyakazi wao amefika kwenye nyumba na kupiga picha mwenyewe. Wamethibitisha kwamba nyumba ipo. Hawajathibitisha ni ya nani, wala inadaiwa nini. Ndiyo maana tulipofika kwenye nyumba ya Bamburi, ambayo nayo ilikuwa na alama ile ile, hatukutoa hata shilingi kabla wakili wetu hajafanya upekuzi wa hati. Ardhisasa, mfumo wa serikali wa kumbukumbu za ardhi mtandaoni, ulikuwa umezinduliwa Aprili 2021 ukianzia Nairobi, lakini upekuzi wetu ulifanywa kwa karatasi katika masjala ya ardhi ya Mombasa, kwa kutumia nambari ya hati, ile inayoanza kwa herufi CR, na ada ya serikali ilikuwa kama shilingi 500. Kwa 500 hizo tulijua mambo ambayo tovuti ya kisasa ilikuwa haijatuambia kwa miezi mitatu: kwamba ardhi imo, kwamba jina la mwenye hati ndilo la muuzaji, na kwamba hati yenyewe iko rehani benki. Rehani si aibu, na wakili alilitatua kwa kuandika katika mkataba kwamba sehemu ya fedha zetu iende moja kwa moja benki ili hati ifunguliwe. Lakini wakala alilijua, kwa sababu nilipomuuliza hakushangaa. Alisema tu kwamba hayo huwa yanazungumzwa na mawakili.

Linganisha 500 hizo na shilingi 2,000 tulizotozwa kama ada ya kutazama, kila safari, hata siku ambayo mwenye ufunguo alichelewa kwa saa mbili. Kwa mnunuzi hiyo ndiyo ada pekee, kwa kuwa malipo ya uwakala, asilimia 3 ya bei, yalitoka kwa muuzaji. Nilipendezwa na hilo mwanzoni, nikajiona napewa huduma ya bure. Baadaye nilielewa kwamba anayelipa ndiye anayetumikiwa. Tulipotaja milioni 7.2, jioni ile ile tuliambiwa kuna mnunuzi mwingine kutoka Nairobi aliye tayari na milioni 8. Mnunuzi huyo hatukumsikia tena tuliponyamaza kwa majuma matatu. Vilevile nyumba ile ile ilikuwa imetangazwa mahali pengine mtandaoni kwa milioni 7.9, huku wakala wetu akiiuza kwa 8.5, na ni mke wangu aliyeigundua kwa kulitambua pazia la jikoni.

Sheria ya Kenya ya mawakala wa mali, Sura ya 533, inataka anayefanya kazi hii awe amesajiliwa na bodi ya usajili wa mawakala hao. Nambari ya usajili niliiomba siku ya kwanza na kuipata siku ya nne, baada ya kukumbusha mara mbili, na ilikuwa ya kweli. Nawapa alama kwa hilo, kwa sababu kampuni nyingine niliyowahi kuiuliza iliacha kunijibu kabisa.

Muuzaji anafanya kazi Ghuba, na kwa hakika hapa ndipo wakala alipofanya kazi ya maana. Alitukutanisha kwa simu ya video, akamweleza mapema kwamba sura yake kwenye video haitoshi, na kwamba nduguye aliyeko Mombasa hawezi kutia sahihi kwa niaba yake bila hati iliyosajiliwa ya kumpa mamlaka hayo, na kwamba ridhaa ya mkewe nayo itahitajika kwa maandishi. Karatasi hizo zilichukua majuma sita. Zingechukua zaidi kama zingeanza siku ya mkataba, jambo ambalo nimeliona likiwapata wengine.

Katikati ukaingia uchaguzi. Mwezi wa Agosti 2022 Mombasa ilikwenda kwenye vituo vya kura mara mbili, tarehe 9 na kisha tarehe 29 kwa sababu uchaguzi wa ugavana ulikuwa umeahirishwa, na afisi za kaunti, ambako tulihitaji cheti cha kwamba nyumba haidaiwi kodi ya ardhi ya kaunti, zilikwenda mwendo wa kinyonga. Mnunuzi wa Nairobi mwenye milioni 8 bado hakuwa ameonekana. Kisha ghafla muuzaji akawa na haraka, na wakala hakutuambia kwa nini. Wakili ndiye aliyetufumbua macho. Kodi inayotozwa kwenye faida ya kuuza mali ilikuwa asilimia 5, na ilikwisha kupitishwa kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 2023 ipande hadi 15. Anayeuza nyumba aliyoishi mwenyewe kwa miaka mitatu mfululizo kabla ya kuuza husamehewa, lakini huyu alikuwa amepangisha. Kila juma lililopita lilimsogeza karibu na asilimia 15. Tulikaa tukapatana kwa milioni 7.6, na ile kasoro ya maji ya chumvi ikahesabiwa humo.

Mkataba tuliutia sahihi katikati ya Septemba, tukalipa arubuni ya asilimia 10, yaani shilingi 760,000, kwenye akaunti ya mawakili wala si ya wakala, ingawa wakala alipendekeza kwa upole kwamba kwake ingekuwa haraka zaidi. Kwa hilo nawasihi msikubali hata mkiahidiwa punguzo. Salio lilitakiwa ndani ya siku 90. Kwa upande wetu ulikuwepo pia ushuru wa stempu, ambao mjini ni asilimia 4 na hulipwa na mnunuzi. Kwetu ulifika shilingi 304,000, baada ya mthamini wa serikali kuikubali bei ya mkataba. Tovuti ina kikokotoo kizuri cha mkopo wa nyumba chenye rangi na vijisanduku, lakini ushuru huo haumo, na mtu aliyejipanga kwa bei iliyotangazwa peke yake atajikuta akikimbilia chama chake cha akiba na mikopo katika juma la mwisho, kama sisi.

Uhamisho ulisajiliwa katika juma la tatu la Desemba. Wakala alikuja siku ya kukabidhi ufunguo, akapiga picha yetu mlangoni, akaomba tumpe nyota tano. Wiki iliyofuata nilimtafuta anisaidie kujua mita ya umeme iko kwa jina la nani, kwa sababu mpangaji wa zamani alikuwa ameacha deni, lakini hakupokea simu wala hakujibu ujumbe.

Nimewapa nyota tatu. Mbili ni za kutuonyesha soko lote bila kututoa jasho, na moja ni ya zile karatasi za muuzaji. Nikitafuta nyumba tena nitaanzia huko huko kwao, nikiwa na wakili wangu na nambari ya hati mkononi kabla ya kupanda treni.

Mwezi wa Machi kijana mmoja alipiga hodi getini, simu mkononi, akisema amekuja kuitazama nyumba. Alinionyesha tangazo. Picha zilikuwa zile zile, pazia la jikoni ni lile lile ambalo tulikwisha kulitupa, na alama ya kijani ilikuwa mahali pake. Bei ilikuwa imeteremshwa hadi milioni 7.3.