Uzoefu wangu: siku 14 za Ayurveda Kochi, na namna walivyoujua mwili wangu

Mwezi wa saba nilimsindikiza kaka yangu Kochi, jimbo la Kerala, kusini mwa India, kwa upasuaji wa moyo. Aliyewahi kumpeleka mgonjwa kule anajua: akishatoka wodini mnabaki wiki kadhaa kwenye chumba cha kupanga, mkisubiri tarehe ya kliniki. Mvua ilikuwa hainyamazi. Mama mwenye nyumba akaniambia nimekuja kwa bahati, kwani huo ndio mwezi wao wa Karkidakam, katikati ya Julai hadi katikati ya Agosti, na watu wa Kerala huutumia kwa Ayurveda, tiba yao ya asili ya Kihindi, kwa sababu wanaamini hewa ya unyevu huulainisha mwili ukapokea mafuta vizuri. Mimi vidole na magoti vilikuwa vikinikaza kila asubuhi kwa miaka miwili, na usingizi wangu wa mang'amung'amu. Nikaenda kliniki aliyonielekeza, mtaa wa tatu kutoka tulipopanga.

Kabla ya kwenda nilikuwa nimejibu yale maswali ya kwenye simu yanayokwambia mwili wako ni wa aina gani kati ya zile tatu za Ayurveda: vata (ya upepo), pitta (ya moto) au kapha. Yakaniambia mimi ni kapha, watu wa maji na ardhi, kwa kuwa nina mwili mkubwa. Nikaenda na jibu langu mkononi.

Daktari, mama wa makamo mwenye shahada ya Ayurveda (kule wanaisomea miaka mitano na nusu, mwaka wa mwisho wakiwa kazini), hakuniangalia unene hata kidogo. Swali lake la kwanza: ulipokuwa na miaka 15 ulikuwaje? Nikamwambia nilikuwa mwembamba, vifundo vya mikono vimetokeza, shuleni natembea mbio na kusema mbio. Unene umeanza baada ya mtoto wa pili. Akaandika. Akaendelea karibu saa nzima: nasikia njaa saa ngapi, choo kikavu au laini, nahisi joto au baridi wenzangu wakiwa kawaida, nashika jambo haraka na kulisahau haraka? Akatazama ulimi na kucha, akapitisha kiganja juu ya ngozi ya mkono. Kisha akashika mkono wangu wa kushoto, akaweka vidole vitatu kwenye mshipa na kunyamaza muda mrefu. Kidole cha shahada husikiliza vata, cha kati pitta, cha pete kapha. Vitabu vyao husema vata huenda kama nyoka, pitta huruka kama chura, kapha huteleza taratibu kama bata.

Jibu: maumbile yangu ya kuzaliwa, wanayoyaita prakriti, ni vata kwa wingi na pitta kidogo. Unene na maumivu ni vikriti, yaani mwili ulivyochepuka kutoka kwenye asili yake. Hapa ndipo maswali ya kwenye simu yaliponipoteza. Yaliniuliza nilivyo leo tu, na mtu mwenye umri wangu hawezi kupimwa asili yake kwa alivyo leo.

Aliponitajia sifa za vata nilishtuka: kavu, baridi, nyepesi, isiyotulia. Sisi watu wa pwani maradhi ya viungo tunayaita baridi yabisi, na yabisi maana yake ni kavu! Wazee wetu walipokea kwa Waarabu tiba ya Kiyunani, ambayo huhesabu vitu vinne mwilini badala ya vitatu, lakini lugha ya baridi na joto, ukavu na unyevu, ni ile ile. Bibi yangu Tanga alikuwa akimchua babu kwa mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto, na daktari huyu akaniandikia mafuta yenye ufuta ndani yake. Sikuhitaji kushawishiwa tena.

Tiba yenyewe: kila asubuhi wakandaji wawili wa kike, kila mmoja upande wake, nimelala kwenye kitanda kizito cha mbao chenye mfereji wa kukusanya mafuta. Wanakwenda kwa mwendo mmoja kama watu wanaotwanga kinu kimoja. Baadaye vifurushi vya majani ya moto kwenye magoti. Halafu nakalishwa na bilauri ya maji ya uvuguvugu yenye rangi ya waridi, yaliyochemshwa na vipande vya mti waitao pathimugam. Dawa ya kunywa, kashayam, ni chungu kuliko mwarobaini, jiandae. Chakula kiwe cha moto na laini: choroko, uji wa mchele, samli, bizari nyembamba. Nipunguze dengu, vitu vibichi na vya baridi.

Nililipa rupia 28,000 kwa siku zote, dawa mbali. Usingizi ulirudi siku ya tano. Vidole vililegea wiki ya pili; magoti yalipungua maumivu lakini hayajaisha, na mwezi wangu wa tatu tangu nirudi nyumbani yalikaza tena kwa siku kadhaa.

Kilichonifanya nimheshimu zaidi daktari yule ni habari ya kaka. Nilimwomba naye ampime ampe dawa. Aliposikia anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, alikataa kumpa chochote cha kunywa, akasema daktari wa moyo ndiye mwenye kauli.

Duka moja karibu na stendi lilikuwa kinyume chake kabisa. Muuzaji alinitazama mara moja, akaniita kapha, akanitolea vidonge vyeusi vya kupunguza mwili, visivyo na lebo. Tafadhali msinunue. Baadhi ya dawa za asili hiyo hutengenezwa kwa madini: mwaka 2004 watafiti wa Marekani walipima dawa 70 za Ayurveda zilizokuwa zikiuzwa maduka ya Boston, na 14 zikakutwa na risasi, zebaki au aseniki. Nimewaona ndugu wengi wakirudi na mifuko ya vidonge vya namna hiyo kama zawadi, na inaniuma.

Kliniki ningeirudia, kwa ajili ya ile saa moja ya maswali kuliko hata mafuta. Mtu akikuuliza namna hiyo anakurudishia habari zako mwenyewe. Nawashauri mwende na majibu yenu ya hospitali, mseme dawa zote mnazotumia, na muulize shahada ya daktari.

Daktari yule aliniambia nikifika kwetu, upepo ukianza kuwa mkavu niongeze mafuta. Kaskazi imeanza kuvuma Tanga wiki hii, na chupa ya ufuta ipo kwenye maji ya moto jikoni sasa hivi ninapoandika.