Amplifaya na deki ya CD ya kuanzia: uzoefu wangu baada ya kusawazisha sauti kwa mita

Nilisikiliza amplifaya mbili kwa spika zilezile, CD ileile na wimbo uleule, na ndani ya dakika mbili nilikuwa nimeshaamua. Ya pili ilikuwa na uhai. Besi ilikaza, mwimbaji akasogea mbele, matoazi yakang'aa. Nilikuwa tayari kuibeba. Aliyenizuia ni rafiki yangu, fundi wa redio, ambaye muda wote alikaa kimya. Akaniuliza swali moja tu: "Una hakika zote mbili zilikuwa na sauti sawa?"

Sikuwa na hakika. Akatoa mita yake, ile ya kawaida ya kupimia umeme, akagusisha ncha zake pale waya za spika zinapoingia nyuma ya amplifaya, kisha akapiga mlio mmoja mfululizo aliourekodi kwenye CD, wenye nguvu inayokaribiana na wastani wa muziki. Amplifaya ya kwanza ikasoma volti 2.1. Ya pili, kitufe cha volyumu kikiwa kimeelekea palepale, ikasoma 2.8. Hiyo ni tofauti ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) mbili na nusu hivi. Si nyingi, lakini sikio likiongezewa kiasi hicho haliambii akili kwamba sauti imepanda, linaiambia kwamba sauti imekuwa nzuri zaidi. Tukaishusha ya pili mpaka mita ikasoma 2.1, nikageukia ukuta, akawa anazibadilisha bila kuniambia. Ule uhai haukuonekana tena. Nilikosea mara nyingi sawa na nilivyopatia.

Jioni ile ilibadilisha kabisa namna nilivyochagua vyombo vyangu, na ndiyo maana naandika haya. Anayenunua seti yake ya kwanza huambiwa asikilize mwenyewe aamue. Ni kweli, asikilize, lakini sauti zikiwa hazijasawazishwa, kinachopigiwa kura ni volyumu.

Mita ile ilinifunza jambo jingine. Spika ya ohm 8 (ohm hupima jinsi spika inavyouzuia umeme) ikipelekewa volti 2.83, inakula wati moja. Sisi tulikuwa kwenye 2.1, yaani karibu nusu wati, na tayari ilibidi tupaze sauti kidogo ili tusikilizane. Wiki nzima nilikuwa najiuliza kama wati 45 zitatosha au nitafute 60! Kati ya 45 na 60 kuna desibeli moja na robo tu. Ukitaka desibeli 3 zaidi, lazima uzidishe wati mara mbili. Ukitaka muziki usikike kama umekuwa mkubwa maradufu, unahitaji wati karibu mara kumi.

Sisemi wati hazina maana. Pigo la ngoma au kinanda kinapogongwa kwa nguvu linaweza kudai mara kumi au hata mara thelathini ya wastani, kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Amplifaya isipokuwa na akiba hiyo, mawimbi yanakatwa vichwa, sauti inapasuka, na mara nyingi kinachoungua kwanza ni ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Ila kwa sebule ya kawaida, wati 35 hadi 60 za kweli zinatosha. Nasema za kweli kwa sababu zipo namba nyingine, hasa zile za PMPO zinazobandikwa mbele ya redio na sabufa, wati elfu kadhaa kwenye kifaa chenye plagi nyembamba. PMPO haina kipimo kinachokubalika popote. Tafuta karatasi ya vipimo inayotaja wati ngapi kwa kila upande, kwa ohm 8, pande zote mbili zikifanya kazi kwa pamoja. Usipoiona, waulize. Wakishindwa kukujibu, ondoka.

Kumbuka kwamba NAD 3020, amplifaya ndogo iliyotoka mwaka 1978 na ambayo wapenzi wa muziki wanaizungumzia mpaka leo, iliandikwa wati 20 tu.

Penye tofauti kubwa ni kwenye spika. Nyuma ya spika au kwenye karatasi yake kuna namba ya usikivu, kwa mfano 86 au 89, yaani desibeli ngapi zinatoka ukisimama mita moja na kuipa wati moja. Spika ya 89 ukiilinganisha na ya 86 ni sawa na kuzidisha wati za amplifaya yako mara mbili, bila kuigusa amplifaya yenyewe. Angalia pia ohm. Spika ya ohm 4 inavuta mkondo mkubwa zaidi kuliko ya 8, na si kila amplifaya ya kuanzia inaruhusiwa kuibeba, kwa hiyo soma maandishi ya nyuma kabla ya kuchomeka chochote.

Basi, nikiwa na spika zangu za ohm 6 zenye usikivu wa 87, orodha yangu ilibaki na majina matatu. Cambridge Audio AXA35, wati 35, rahisi kabisa kuitumia, ina tundu la santuri lakini haina la dijiti, yaani la kupokea muziki ukiwa bado namba. Marantz PM6007, wati 45, ina tundu la santuri na matundu ya dijiti. Na Yamaha A-S301, wati 60, nayo ina matundu ya dijiti, la waya wa mwanga na la koaksia, pamoja na la santuri. (Kuhusu santuri: kichwa cha sindano hutoa milivolti chache tu, kwa hiyo ukiichomeka kwenye tundu la kawaida utasikia sauti kwa mbali, nyembamba, haina besi. Kama unazo santuri au unazitarajia, hakikisha tundu lake lipo.) Nilizisikiliza zote kwa mita. Kwa spika zangu na kwa volyumu yangu, zote tatu zilipiga muziki vizuri sana, na nisingeumia nikipewa yoyote.

Nilichukua Yamaha, na sababu yake ni kitufe kimoja kilichoandikwa Loudness.

Mimi husikiliza usiku, wengine wakiwa wamelala. Tatizo la kusikiliza kwa sauti ya chini ni kwamba besi inapotea. Si kosa la spika. Ni sikio la binadamu lilivyo: mlio mnene ukipungua, sikio linaupoteza haraka kuliko mlio wa katikati. Fletcher na Munson, watafiti wa sauti, walilichora jambo hili kwenye grafu mwaka 1933, na amplifaya nyingi za zamani zilikuwa na swichi ya kulirekebisha, ila ilikuwa ya kuwasha au kuzima tu, na mara nyingi inamwaga besi kupita kiasi. Kwenye A-S301 kinazungushwa taratibu. Unaanza kikiwa kimelala kwenye Flat, unapandisha volyumu mpaka kiwango cha juu ambacho ungekisikiliza mchana, halafu hushushi volyumu tena, bali unazungusha Loudness kutoka hapo. Sauti za katikati zinashuka, besi na zile nyembamba zinabaki na mwili wake.

Mara ya kwanza sikuamini. Ilikuwa saa sita za usiku, rekodi ya kwaya yenye besi ya mkono. Nilipoishusha volyumu kama nilivyozoea, besi ilikuwa kama mtu anayegonga mlango wa nyumba ya tatu. Nikairudisha volyumu juu, nikazungusha Loudness mpaka karibu nusu ya njia. Muziki ukashuka, lakini vidole vya mpiga besi vikabaki vinasikika kwenye nyuzi, na waimbaji wa sauti nene wakasimama nyuma ya wenzao badala ya kutoweka. Nilikaa mpaka CD ikaisha. Tangu usiku huo nimekuwa nasikiliza albamu nzima nzima, jambo nililokuwa nimeliacha kwa miaka.

Kuna faida nyingine ndogo ya kushusha sauti kwa njia hii. Deki za CD hutoa takriban volti 2, nyingi kwa amplifaya, kwa hiyo usiku unajikuta umekwama mwanzoni kabisa mwa kitufe cha volyumu, pale ambapo kwenye amplifaya nyingi upande mmoja unaanza kusikika kabla ya mwingine. Ukitumia Loudness, volyumu inabaki juu zaidi, pande zinalingana.

Usiichague kama unachotaka ni kupiga muziki kutoka kwenye simu bila waya, kwa sababu haina Bluetooth ndani yake, wala haina tundu la USB la kuunganisha kompyuta. Mimi sikuvihitaji.

Deki ya CD ilinichosha zaidi. Nilianza na iliyokwisha kutumika, niliyoinunua kwa mtu. Trei ilikuwa inatoka nusu, inasita, inarudi ndani. Fundi akaifungua akaniambia ni mkanda wa mpira unaovuta trei, umelegea kwa uzee, akaweka mwingine. Ikatembea. Baada ya wiki tatu hivi ikaanza kuzikataa CD nilizochoma mwenyewe, huku zile za kiwandani ikizisoma bila shida. Hapo fundi akatikisa kichwa: leza imechoka. CD ya kuchoma inarudisha mwanga hafifu kuliko ya kiwandani, kwa hiyo leza inayodhoofika huanza kushindwa hapo. Ningelijua hilo mapema ningekwenda kuijaribu nikiwa na CD ya kuchoma mkononi, na nyingine ndefu ya zaidi ya dakika 70, nikaiambia ipige wimbo wa mwisho. CD husomwa kutoka katikati kwenda ukingoni, ikianza kwa mizunguko kama 500 kwa dakika na kupungua hadi 200 hivi huko nje, na deki mbovu nyingi hujulikana ukingoni.

Nikaamua mpya, na hapo nikajiuliza kwa dhati nalipia nini. Kanuni za CD ziliwekwa na Philips na Sony mwaka 1980: sampuli (vipimo vya wimbi la sauti) 44,100 kwa sekunde, kila moja ya biti 16. Deki ya kwanza madukani, Sony CDP-101, ilitoka Japani Oktoba 1982. Ni kazi ambayo wahandisi wameifanya kwa zaidi ya miaka arobaini. Kwa hiyo nilichukua deki yangu kuukuu ya DVD, nikaiunganisha na A-S301 kwa waya wa mwanga ili amplifaya ndiyo igeuze namba kuwa sauti, nikailinganisha na Yamaha CD-S303 iliyounganishwa kwa waya za kawaida, mita ikiwa mkononi tena. Sikuweza kuzitofautisha.

Hata hivyo CD-S303 ndiyo niliyoinunua, na sijuti. Ile ya DVD ilinilazimu kuwasha televisheni ili nichague wimbo, na kwenye albamu za jukwaani ambako nyimbo zimeungana, iliweka kimya kidogo kati ya wimbo na wimbo, makofi yakakatika katikati. CD-S303 inavuka bila mshono. Trei yake inatoka kwa utulivu, namba za kwenye kioo nazisoma nikiwa kwenye kiti changu, na ukibonyeza Pure Direct kioo kinazimika, chumba kinabaki giza. Ina tundu la USB mbele pia, ingawa nimelitumia mara mbili tu. Kama tayari una deki ya DVD nzima yenye tundu la dijiti na amplifaya yako inapokea dijiti, anza nayo, fedha yote iende kwenye spika.

Waya nilitumia za kawaida, za shaba, nene kiasi, zisizo ndefu kuliko lazima. Sina zaidi la kusema hapo.

CD zenyewe zinahitaji uangalifu kuliko waya. Deki ina hesabu za kufidia data iliyopotea, na mkwaruzo unaokatiza njia kutoka katikati kwenda nje kwa kawaida haiusikii kabisa, maana kila mzunguko inapoteza kipande kidogo sana. Mkwaruzo unaofuata mzunguko ndio unaoua, kwa kuwa unaharibu njia ileile kwa urefu. Ukizidi milimita mbili na nusu hivi, fidia inafika kikomo. Kwa hiyo kitambaa laini, na unafuta ukitoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha. Nilikuwa na CD moja ambayo deki ile ya zamani ilikuwa inagandia wimbo wa saba, nami kwa miaka nilikuwa naifuta kwa kuizungusha. Niliifuta upya kwa mistari iliyonyooka, nikaiweka kwenye trei, nikaenda moja kwa moja hadi wa saba. Ilisita nusu sekunde, kisha filimbi ikaingia.