Pancha ya ubavuni: tairi nililolikatia tamaa lilipona, nililolitegemea likakataliwa

Nilifika kwenye karakana moja ya Namanve, karibu na Kampala, na matairi mawili ya lori, saizi 315/80, yote yametoboka ubavuni. Moja lilikuwa na mkato mrefu kama kidole gumba. La pili lilikuwa na tundu la msumari, dogo hivi kwamba ilibidi nilitemee mate ndipo povu linionyeshe lilipo. Nikamwambia fundi, mzee wa makamo: "Mzee, hili la mkato litazame tu. Hili dogo nizibie niondoke." Akacheka, akaniambia nikae kwanza.

Niseme mapema kwamba mimi na viraka vya ubavuni hatuelewani. Mwaka jana fundi wa kando ya barabara, nikiwa nimepita Iganga, alinichomekea kamba ya gundi ubavuni kwa shilingi 20,000. Ilishika hadi ndani ya Mabira. Humo, saa nne usiku, tairi likapasuka, likang'oa madigadi na kumharibu pacha wake. Kwenye kashata, yaani sehemu inayokanyaga barabara, kamba inaweza kukufikisha mjini, maana chini yake kuna mikanda ya chuma. Ubavu hauna mikanda hiyo, tena hujikunja na kunyooka kila gurudumu linapozunguka. Kamba itashika nini?

Sasa haya mawili. La mkato nililikwaruza Naluwerere, pale Bugiri, nikiegesha: chuma kilichomoza kwenye zege, upepo ukaisha palepale, tairi halikuzunguka tena bila upepo. La msumari nililijua tangu Malaba kwamba linapunguza. Nikawa nalijaza njiani, Malaba, Iganga, Jinja, nikijiambia litafika. Ukilipima kati ya vituo lilikuwa na upepo wa PSI 60 au 70, na linatakiwa 120.

Mzee hakugusa gundi. Aliyavua yote kwenye rimu, akawasha taa, akaingiza mkono na kupapasa kama mtu anayetafuta mwiba kwenye samaki. Ndani ya lile la msumari kulikuwa na vumbi la mpira, jeusi kama pilipili manga iliyosagwa, na ubavu umefanya mikunjo. Akachukua kipande cha waya, akakipinda huku na huku mbele yangu mpaka kikakatika.

"Kijana, hili umelitembeza likiwa laini. Nyuzi za chuma zilizomo ubavuni zimefanywa hivi. Nikilijaza zinaweza kukatika mstari mzima, kama zipu. Sikufungii."

Nilibisha kidogo, nikiwaza namna nitakavyomweleza tajiri mwenye gari. Hakubadilika. Zaidi ya hapo akaliweka chini, akalipasua ubavu kwa grainda mbele yangu. "Ukiliacha zima, kesho utalikuta kwenye gari la mwenzako." Hapo nikauma meno, lakini nikamheshimu.

La mkato akalishughulikia kwa saa nyingi. Alikata nyuzi zilizoharibika, akazihesabu, akalinganisha na jedwali lililobandikwa ukutani, maana kuna kipimo ambacho nyuzi zilizokatika zikikizidi, tairi halitengenezwi. Akakwangua, akajaza mpira mbichi, akabandika kiraka kikubwa kwa ndani, mishale yake ikitazama kingo mbili za tairi, kwa sababu nyuzi za chuma hupita hivyo, ukingo hadi ukingo. Kisha likabanwa kwenye mashine ya umeme kupikwa.

Umeme ukakatika. Jenereta ilichelewa kuwaka, na mzee akaanza kuhesabu muda upya. Niliahidiwa alasiri, nikapata asubuhi, nikalala kwenye kabini. Hili ndilo lalamiko langu, pamoja na bei: hakuna karatasi ya bei popote, unatajiwa kazi ikiwa imeanza. Nililipa 160,000. Ukilinganisha na tairi jipya si kitu, ila nilitaka kujua kabla.

Kujaza upepo hakufanyiki mtu akiwa amelichutamia. Liliingizwa kwenye kizimba cha chuma, mpira wa upepo mrefu, sote tukasimama pembeni huku mzee akisikiliza kama kuna mlio wa kukatika-katika. Ulipobaki uvimbe mdogo pale penye kiraka nilishtuka. Akaupima kwa rula. Kiraka kikinenepesha ubavu bila kuzidi sentimita moja, kwake ni sawa. Uvimbe wa langu ulikuwa nusu ya hapo. Akaandika kwa chaki kubwa: SI MBELE, yaani lisifungwe magurudumu ya mbele.

Limefungwa ekseli ya kati ya trela, miezi mitano sasa, Malaba hadi Mbarara na kurudi. Halijanidai upepo. Tanboi wangu, msaidizi wangu wa safarini, anauita ule uvimbe jipu la mzee, na kila tukisimama Lyantonde hushuka kuupapasa kabla hajaenda kutafuta chai. "Kaka, halijaiva," ananiambia.