Keria ya dukani na keria ya fundi: uzoefu wangu na Boxer hapa Mtwara

Nafuga kuku wa mayai Mikindani. Asubuhi natoka na trei kumi kwenda Mtwara mjini, mchana narudi na mfuko wa chakula cha kuku, kilo 50. Kazi yote hiyo inabebwa na pikipiki moja, Boxer 150, na ndani ya miezi minane nimefunga keria mbili. Ya kwanza nilinunua dukani, ya pili alinitengenezea fundi. Kila ninaposimama kushusha mzigo kuna mtu ananiuliza bei ya hii ya sasa. Sijapata wa kuniuliza imeshikiwa wapi, na kwenye keria hilo ndilo la kuuliza mwanzo.

Ile ya dukani ilinivutia kwa kung'aa. Shilingi 45,000, kitanda kipana, na muuzaji akaniahidi inaingia kwenye Boxer bila kutoboa kitu. Kuingia iliingia. Matundu mawili yalikaa sawa na bolti za mshikio wa abiria, la tatu likapishana, kijana wa dukani akalipanua kwa tupa. Nusu saa haikufika nikawa njiani. Sikuona siku ile kwamba keria haina miguu. Kitanda chote kilikuwa kinaning'inia nyuma, juu ya taa, kimeshikwa na bolti tatu zilizokaa karibu karibu.

Mzigo ukikaa nyuma ya bolti namna hiyo, keria inafanya kazi kama mtaimbo. Kila tuta, mfuko unabinya mkia kwenda chini na bolti zinavutwa kwenda juu, na matuta kutoka Mikindani mpaka mjini ni mengi. Wiki ya kwanza nilisikia kelele tu. Nikakaza nati, kelele zikaisha, zikarudi.

Wiki ya tatu, nakaribia Magomeni na trei zangu kumi, nikasikia harufu ya yai linaungua. Nikaegesha pembeni. Ute ulikuwa unatiririka kutoka trei za chini, unapita ubavuni mwa madigadi na kudondokea eksozi, pale pale unakauka na kuwa utando mweupe. Nilipofungua mipira nikakuta keria imelala upande mmoja. Bomba lilikuwa limepasuka pembeni mwa weldi, wala si kwenye weldi yenyewe: ufa mwembamba kama unywele, na ndani yake kutu nyekundu. Kutu ile ilinionyesha kwamba ufa ulikuwapo siku nyingi, na mimi nilikuwa napakia juu yake kila siku. Unene wa bomba ulikuwa kama bati la kopo la maziwa. Trei nne zilikwisha pale, mayai 120.

Dukani waliniambia nimezidisha mzigo. Pengine kweli. Ila keria ile haikuandikwa popote inabeba kilo ngapi, na mtu aliyeniuzia aliniona kabisa nimekuja na mfuko wa chakula cha kuku kwenye siti. Hilo linaniuma mpaka leo kuliko hela.

Fundi niliyemwendea ni mzee, kazi yake mageti na madirisha. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza nataka keria. "Marahaba mjomba. Unabeba nini? Abiria unapakia?" Nikamjibu mayai na chakula cha kuku, abiria sipakii. Akazunguka pikipiki mara mbili, akakaa kwenye siti, akashuka. "Basi mzigo wako tuusogeze mbele."

Hapo ndipo nilipoona tofauti ya mtu anayeuza na mtu anayetengeneza. Kitanda cha keria alikiweka usawa mmoja na siti, kikianzia pale siti inapoishia. Mfuko sasa unalala nusu juu ya siti, nusu juu ya keria, na uzito unaangukia kwenye ekseli ya gurudumu la nyuma. Zamani uzito ulikuwa nyuma ya ekseli, kwa hiyo gurudumu la mbele lilikuwa jepesi na usukani unaelea. Niliwahi kupeleka mayai Msimbati na ile keria ya kwanza, na kwenye mchanga pikipiki ilikuwa inakwenda inakotaka yenyewe.

Kisha miguu. Kila upande mguu mmoja wa bomba zito la nusu inchi, unashuka kutoka kwenye kitanda mpaka bolti ya juu ya shokapu, mahali ambapo fremu ilitengenezwa kubeba uzito tangu kiwandani. Mwisho wa mguu kuna kibati cha milimita 4 chenye tundu linaloingia kwenye ile bolti. Kabla ya kufunga alipima kama uzi wa bolti utatosha kutokeza nje ya nati ukishaongezwa unene wa kibati. Upande wa kulia ulikuwa mfupi kidogo, akabadilisha washa nene kwa nyembamba mpaka uzi ukatokeza. Nati isiyomeza uzi wote inaonekana imekaza, lakini imeshika robo tatu tu.

Kwenye fremu hakuchomelea hata doti moja. Keria aliishikiza ikiwa juu ya pikipiki kwa doti chache ili vipimo visihame, akaifungua, akaimalizia chini. Na hata kwa doti zile alichomoa kwanza waya wa betri, na ule waya wa kurudisha umeme wa mashine akaubana kwenye keria, karibu kabisa na alipokuwa anachomelea. Umeme wa kuchomelea ukipita kusikotakiwa unaua CDI, kile kifaa kinachoamuru cheche za plagi, na nimeshaona bodaboda wakisukuma pikipiki kutoka kwa fundi kwa sababu hiyo.

Jumla 70,000 pamoja na rangi, siku moja na nusu. Ni nzito, na ukiwa huna mzigo unausikia uzito wake unapoegesha.

Nayo ina kasoro zake. Ncha za mabomba ziliachwa wazi, na mvua za mwezi wa tatu zikaingia humo. Maji ya kahawia yakaanza kuchuruzika kwenye madigadi. Kwa hewa yetu ya chumvi, chuma kikishalowa kwa ndani hakikupi muda. Nilirudi, mzee akaziba ncha na kutoboa kitundu kidogo chini ya kila mguu maji yatoke, bure. Mfuko pia ulikuwa unaficha indiketa za nyuma, tukazihamishia kwenye vibati viwili vilivyotokeza nje. Upepo wa tairi la nyuma naongeza siku za mfuko, na springi za shokapu nimezipandisha hatua moja. Stendi ya pembeni siitumii tena nikiwa na mzigo, inazama.

Chini ya trei natandika kipande cha godoro. Mwezi huu nimepasua mayai mawili.

Nati zilihitaji kukazwa tena baada ya siku nne za kwanza; mbili zilikuwa zimelegea robo mzunguko. Tangu hapo nimechukua rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, nikachora mstari mmoja unaopita juu ya nati na kuendelea kwenye kibati, nati zote nne. Asubuhi kabla ya kupakia nainama na kutazama tu. Mitatu imenyooka kama nilivyoichora. Wa kulia nyuma ulivunjika juzi baada ya safari ya Nanguruwe, nimeufungua, nikaweka nati ile yenye plastiki ndani, na nimechora upya.