Lori lisilo na dereva: mgodini Pilbara na barabarani Texas

Katika migodi ya madini ya chuma ya Pilbara, magharibi mwa Australia, malori makubwa ya Rio Tinto hujiendesha yenyewe, huku wasimamizi wakiyafuatilia kwenye skrini mjini Perth, umbali wa takriban kilomita 1,500. Huko Texas, kampuni ya Aurora ilianza mwaka 2025 kusafirisha mizigo kati ya Dallas na Houston bila dereva, ingawa wiki chache baadaye mtengenezaji wa lori aliomba mtu arudishwe kitini, akae tu bila kuendesha.

Kwa upande wa mafunzo ya kuwaandaa madereva kwa kazi mpya, mgodi una nafuu kubwa. Mwajiri ni mmoja, dereva yumo kwenye orodha yake ya mishahara, na chuo cha South Metropolitan TAFE kilishirikiana na Rio Tinto kuandaa cheti cha kazi za mitambo inayojiendesha. Barabarani mambo ni tofauti, kwa kuwa madereva wengi wako katika kampuni ndogo au wanamiliki lori lao wenyewe, hivyo hakuna anayewajibika moja kwa moja kuwalipia masomo.

Hata hivyo, lori la Texas bado linahitaji mikono ya watu: kuunganisha tela na mipira ya upepo ya breki, kukagua matairi, kufuta vumbi kwenye kamera. Kazi hizo dereva mzoefu anazijua tayari. Anachokosa ni ufundi wa vihisi (vifaa vinavyoliwezesha lori kutambua kilicho mbele yake) na kompyuta, na hapo ndipo ningeanzia kumfundisha.