Simu ya mtumba: ipashe moto kwanza ndipo utoe pesa

Malalamiko mnayoniletea yanafanana. Simu imenunuliwa Moi Avenue au Mwembe Tayari hapa Mombasa, dukani Wi-Fi imeshika vizuri, mtu akivuka Likoni swichi ya Wi-Fi imefifia haiwaki tena.

Kamera na betri kila mtu hukagua, sivigusi. Kagua joto. Simu ikianguka, risasi ya kulehemu inayoshika IC (chipu) ya Wi-Fi kwenye bodi huweza kupata nyufa. Simu ikiwa baridi risasi inagusana, ikipata moto inaachana. Muuzaji mjanja huipiga blowa ya hewa moto, ikafufuka kwa muda, akairudisha kabatini. Kwa hivyo rekodi video robo saa huku hotspoti imewashwa, mpaka mgongo uwe moto. Kisha zima hotspoti, uwashe Wi-Fi. Ikikataa, na Bluetooth nayo imekufa, ondoka: mara nyingi zote mbili hukaa kwenye IC moja, na hiyo ni kazi ya bodi. Ikishika ukiwa karibu na ruta tu, shuku antena au waya wake. Hapo teta bei, fundi hataumiza kichwa.

Ukiniuliza mtumba upi ununue, ya kwanza kwangu ni Samsung Galaxy S, naipendelea waziwazi. Programu ya Samsung Members hupima Wi-Fi, Bluetooth, NFC (ya kulipa kwa kugusisha simu) na mtandao wa laini papo hapo mezani, na muuzaji hana la kubisha.

Ya pili Google Pixel. Simu nzuri, ila vipuri vyake si vya kila kibanda.

Ya tatu iPhone. Fungua About kwenye mipangilio: anwani ya Wi-Fi ikisoma N/A, au sehemu ya "Modem Firmware" (programu ya kifaa cha mtandao wa laini) ikiwa tupu, irudishe. iPhone 7 ichunguze zaidi. Mwaka 2018 Apple wenyewe walikiri kwamba baadhi zilikosa mtandao kwa sababu ya kijenzi kilichoharibika kwenye bodi.

Tecno na Infinix, afadhali mpya.

Kinachoniudhi ni wauzaji. Stika ya "Ex-UK", yaani mtumba wa Uingereza, inapandisha bei, lakini ukiomba robo saa ya kujaribu unaambiwa "mtandao wa hapa ndio mbovu", halafu risiti imepigwa muhuri kwamba bidhaa ikiuzwa hairudishwi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora wa kuridhisha, na hakikuiondoa mitumba. Piga *#06#, na IMEI hiyo (namba ya utambulisho wa simu) iandikwe kwenye risiti pamoja na maneno "Wi-Fi imejaribiwa ikiwa moto". Akikataa kuandika, duka la jirani liko wazi.